Kilemba cha Mwalimu

Kila mwaka siku za mahafali zikaribiapo twaulizwa neno moja, na mwaka huu tumeulizwa tena. Kijana mmoja wa usharika wetu, asomaye katika chuo kikuu, alikuja nyumbani jioni, akaketi, akanywa chai yake kimya, ndipo akatoa shauri lake. Miaka miwili ameandika tasnifu chini ya uongozi wa mwalimu mmoja. Mwalimu huyo amemwongoza kwa saburi, amemsahihisha ukurasa kwa ukurasa, amemwazima vitabu vyake mwenyewe, hata siku alipokosa nauli alimpa nauli. Sasa kazi imekwisha kuandikwa, imetiwa mikononi mwa watahini, na mwalimu huyo ni mmoja wao. Kijana angoja majibu. Jamaa zake wamechanga shilingi laki tatu ili kumshukuru mwalimu. Mjomba asema inunuliwe saa ya mkono. Shangazi asema apelekewe mbuzi. Mama asema fedha itiwe katika bahasha, mwalimu mwenyewe ajue la kufanya nayo. Basi kijana alituuliza, "Baba, nimpe nini?"

Tulimwomba atupe siku tatu tufikiri. Haya tuyaandikayo ndiyo tuliyomjibu, nasi twayaweka hapa kwa kuwa twajua swali si lake peke yake. Wazee wengi wa sharika na walimu wa dini wana watoto vyuoni, na wengine wanasoma wenyewe ijapokuwa wana mvi. Twaonya tangu mwanzo kwamba swali la "nimpe nini" halijibiki kabla ya kujibu mengine mawili: nimpe lini, na nimpe kiasi gani. Mtu ayarukaye hayo mawili aweza kununua kitu kizuri sana, na kwa kitu hicho kizuri akamharibia mwalimu wake jina, na nafsi yake pia.

Wahenga wetu walisema, Mkono mtupu haulambwi. Methali hii ina nyuso mbili. Uso wa kwanza ni wa adabu. Kwetu mtu haendi kwa mkubwa wake mikono mitupu. Huchukua ndizi, au mayai, au sukari kidogo, ili kuonyesha kwamba alipokuwa njiani alikuwa akimwaza yule amwendeaye. Hilo ni jema, wala hatupendi life. Lakini methali ina uso wa pili. Aulambaye mkono aulamba kwa sababu ya kilichomo. Mkono ukiwa mtupu kesho, hataulamba. Hapo heshima imekuwa biashara, ijapokuwa imevaa nguo za heshima. Nyuso hizi mbili zafanana sana, na mara nyingi hata mtoaji mwenyewe hajui ni upi alioubeba kikapuni mwake.

Waswahili wa pwani walikuwa na jina la zawadi hii tunayoitafuta. Waliiita kilemba. Kilemba ni kitambaa kizungushwacho kichwani, kama kila mtu ajuavyo. Lakini neno hilo lilikuwa pia jina la ada aliyopewa mwalimu au fundi, mwanafunzi wake alipohitimu. Mtoto alipokwisha kujifunza kazi, hata akaweza kusimama peke yake bila kuonyeshwa, watu wake walimpa fundi kilemba chake. Neno lenyewe latufundisha. Wangaliweza kuiita zawadi hiyo chakula, au mshahara, au malipo. Waliiita kwa jina la kitu kikaacho kichwani pa mtu, mahali pa heshima, ambapo watu wote hukiona.

Tukiitazama desturi hiyo twaona hekima tatu ndani yake. Ya kwanza ni wakati: kilemba kilitolewa mwisho, kazi ya kufundisha na ya kupima ilipokwisha. Ya pili ni uwazi: kilitolewa mbele ya watu, wala hakikupitishwa dirishani usiku. Ya tatu ni kadiri: kilikuwa ada ya desturi, watu walijua kinachofaa kutolewa, wala mtu hakulazimika kushindana na jirani yake. Chuo kikuu hakina kilemba. Kina karo, kina mitihani, kina joho na kofia, lakini kuhusu shukrani ya mwanafunzi kwa mwalimu wake kimeacha nafasi tupu. Ndiyo maana kila mwanafunzi hujitungia desturi yake mwenyewe gizani, na ndiyo maana wengi hujikwaa.

Lugha yetu hiyo hiyo ina kilemba kingine. Mtu akimsifu mwenzake kwa uongo ili apate kitu, husemwa kwamba amemvika kilemba cha ukoka. Ukoka ni majani yatambaayo chini, chakula cha mifugo. Kilemba kilichosokotwa kwa ukoka chaweza kupendeza asubuhi. Jioni kimenyauka, na aliyevikwa abaki na majani makavu kichwani, watu wakimcheka. Basi shauri letu lote ni hili: mwanafunzi ajuaje kwamba kilemba alichokishika ni cha kitambaa, wala si cha ukoka?

Sisi neno la wakati hatukulisoma kitabuni. Tulifundishwa na jogoo.

Tulipokuwa wanafunzi, nasi tulikuwa na mwalimu aliyesimamia tasnifu yetu. Bibi yetu, ndiye aliyetulea, alisikia habari za mwalimu huyo kila likizo, akaona haya kwamba mtu aliyetenda wema mwingi vile hajapokea kitu kutoka nyumbani kwake. Siku moja alimkamata jogoo wake mwekundu, aliye bora kuliko wote, akamfunga miguu, akatupa pamoja na ndizi, akatuagiza twende navyo kwa mwalimu. Wakati ule tasnifu ilikuwa mezani pake, ikingoja kusomwa mara ya mwisho na kupewa alama.

Mwalimu alitupokea vema. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, tukapewa chai, tukaulizwa habari za nyumbani. Kisha alimtazama jogoo muda mrefu, akasema, "Mwanangu, jogoo huyu ni mzuri sana, ila amekuja kabla ya saa yake. Nikimla leo, kesho nitakapofungua kurasa zako nitamsikia akiwika. Kazi yako ikinipendeza, sitajua kama ni kazi iliyonipendeza au ni mchuzi. Isiponipendeza, nitaona haya kukuambia. Mrudishe. Mwambie bibi namsalimu sana, tena mwambie namdai jogoo."

Tulirudi naye katika basi, naye akawika njia nzima, abiria wakacheka. Moyoni tulikuwa na uchungu. Bibi alipomwona jogoo wake alikasirika, akasema, "Tangu lini mtu akakataa kilichotoka mkononi mwa mzee?" Lakini tulipomfikishia maneno ya mwisho alinyamaza kidogo, akauliza, "Amesema ananidai?" Tukasema, "Ndiyo, bibi, amesema anakudai." Akacheka. "Basi huyo ni mtu. Deni nitalilipa."

Twaomba msomaji aliangalie neno hilo. Wengi huogopa kwamba kuikataa zawadi ni kumtukana mtoaji, nao hawakosi sababu, maana kwetu mtu akikataa kitu chako amekukataa wewe. Lakini kuna kukataa kunakokata kamba, na kuna kukataa kunakoifunga. Asemaye, "Sitaki kitu chako," ameikata. Asemaye, "Nakudai, utaniletea siku yake," ameifunga, tena ameifunga kwa heshima kubwa, kwa kuwa mtu hamdai ila yule amtumainiaye.

Tasnifu yetu ilirudi na masahihisho ya miezi mitatu. Hapo ndipo tulipofahamu. Kama jogoo angalikuwa ameliwa, masahihisho yale tungaliyaona kuwa ni ukosefu wa fadhila: mtu amekula chetu, naye bado atutesa. Na yeye kwa upande wake labda angalilegeza mkono, masahihisho ya miezi mitatu yakawa ya wiki tatu, nasi tungalitoka chuoni na cheti kizuri na kazi dhaifu. Zawadi iliyokuja mapema ingalitupokonya kitu kile kile tulichokuwa tukishukuru kwa ajili yake, yaani ukweli wa mwalimu juu ya kazi yetu. Tena walikuwapo wenzetu wasio na bibi mwenye kuku. Wao wangalisimama mbele ya mwalimu yule yule mikono mitupu, na kila mmoja angalijiuliza moyoni kama alama zake zimepungua kwa sababu hiyo. Zawadi ya mmoja, ikija kabla ya hukumu, yawadhulumu wote wasioileta.

Si vyuo tu vilivyoshindana na jambo hili. Nchi nzima imeshindana nalo. Mwaka 2000 Bunge la Tanzania lilibadili sheria ya uchaguzi, likaruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa desturi ambao mgombea aliweza kuwafanyia wapiga kura wake. Takrima ni neno zuri. Asili yake ni kukirimu, kumheshimu mgeni. Lakini watu waliuliza: ni mgeni gani huyu akirimiwaye wakati wa kampeni tu? Jambo lilifika Mahakama Kuu, na mwaka 2006 mahakama ilikitangua kipengele hicho kwa kuwa kilipingana na Katiba. Mwaka uliofuata, 2007, nchi ilipata Sheria mpya ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa. Fundisho la mambo hayo si kwamba ukarimu ni uovu. Fundisho ni kwamba ukarimu una majira yake, na ukitolewa kwa mtu ambaye hukumu yake juu yako bado i mkononi, haubaki ukarimu, hata mtoaji awe na moyo mweupe namna gani. Vyuo vingi navyo vimeandika kanuni za kuwazuia walimu wasipokee vitu kwa wanafunzi, au za kuwawekea mpaka. Mwanafunzi aziulize kanuni za chuo chake kabla hajafika dukani. Kumletea mwalimu kitu ambacho itampasa kukirudisha au kukificha ni kumtwisha mzigo, wala si kumshukuru.

Wasomaji wetu wanaijua habari ya Naamani Mshami. Alipokwisha kutakaswa ukoma wake alimsihi nabii Elisha apokee zawadi, Elisha akakataa. Gehazi mtumishi wake ndiye aliyekimbia nyuma ya gari, akapokea talanta mbili za fedha na mavazi mawili, na mwisho wake twaujua. Kosa la Gehazi lilikuwa zaidi ya tamaa. Elisha alikuwa amemwacha Naamani aende zake akijua kwamba alichopewa hakina bei. Gehazi akakipachika bei. Mwalimu apokeaye bahasha kwa ajili ya kazi aliyokwisha kulipwa mshahara wake afanya neno lilo hilo: ajibandika karatasi ya bei kifuani.

Hayo ni ya wakati. Sasa tuje kwenye kiasi.

Aristotle, Myunani aliyesoma kwa Plato miaka ipatayo 20, alilifikiri jambo hili katika kitabu chake cha maadili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Anataja habari za Protagoras, mwalimu aliyefundisha kwa malipo. Huyo, alipokwisha kumfundisha mtu, alimwacha mwanafunzi mwenyewe apime thamani ya aliyojifunza, akapokea kiasi hicho. Twaweza kulicheka jambo hili, bali lina busara, kwa kuwa ni nani ajuaye faida ya somo kuliko yeye aliyelipata? Hata hivyo Aristotle aendelea mbele. Asema kwamba wale waliotushirikisha hekima, thamani yao haipimwi kwa fedha, wala hakuna heshima iwezayo kulingana nayo. Labda yatosha mtu atoe kile awezacho, kama vile atoavyo kwa miungu na kwa wazazi wake. Martin Luther, alipoandika mwaka 1530 kuwahimiza watu wasiwatoe watoto wao shuleni, alimkumbuka Aristotle kwa neno hilo hilo, akasema kwamba mwalimu mwenye bidii na uaminifu hakuna fedha iwezayo kumlipa ipasavyo.

Kama deni halilipiki, basi tufanyeje? Twaona watu wakianguka kwa pande mbili. Wa kwanza hutaka kulilipa lote kwa siku moja. Hununua saa ya bei, au hukopa, ili atoke pale akiwa huru, asidaiwe tena na mtu. Zawadi yake yafanana na shukrani, na ndani yake ni risiti: "Tumemalizana." Mjomba wa kijana wetu, mtu mwema, alisema maneno karibu na hayo: "Tusije tukaonekana watu wa kudaiwa." Lakini nani atakaye kumalizana na baba yake? Wajerumani humwita mwalimu amwongozaye mtu hata kupata shahada ya udaktari kwa neno lenye maana ya baba wa udaktari. Mwana hamalizani na baba.

Wa pili huanguka upande mwingine. Kwa kuwa hana kitu kilingacho na wema aliotendewa, hangoja lolote ila utajiri. Asema, "Nitakapopata kazi nitamfanyia jambo kubwa." Akipata kazi, ajenga nyumba kwanza. Nyumba ikisha, watoto waenda shule. Miaka yapita, na mwalimu adhani amesahauliwa, naye kweli amesahauliwa. Huyu adhani ana unyenyekevu, kumbe ana kiburi; maana hataki kuonekana na zawadi ndogo. Wahenga walimjibu zamani: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Wachagga wanalo jani liitwalo sale, ambalo hupandwa mipakani mwa mashamba. Mtu aliyemkosea mwenzake akimpelekea jani hilo, amemwomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito sana. Jani hilo halina bei. Kama lingeuzwa kwa laki tatu, matajiri wangesamehewa upesi kuliko maskini, na watu wangeanza kuuliza ni nani aliyeleta majani mengi. Nguvu yake yatoka kwa hilo, kwamba kila mtu aweza kulichuma. Twapenda zawadi ya mwalimu ifanane na sale. Ndiyo sababu tulimpa kijana kipimo hiki: zawadi yako isizidi kile ambacho mwanafunzi maskini kuliko wote wa mwalimu huyo angaliweza kukileta pasipo kukopa.

Sasa ndipo twaweza kuuliza, nimpe nini. Turudi kwa bibi na deni lake.

Tulipokwisha kuhitimu, bibi alifunga safari mwenyewe. Jogoo wa kwanza alikuwa amekwisha kuliwa Krismasi. Huyu alikuwa mwanawe. Mwalimu alimpokea kwa mikono miwili, wakaongea kama watu waliojuana siku nyingi. Nasi tulikuwa na zawadi yetu, kalamu ndani ya kisanduku, tuliyoinunua mjini kwa fedha ya kujinyima. Mwalimu alishukuru, akaifungua, akaisifu, akaiweka mezani. Kisha akasema, "Bibi ameleta kuku, nami najua anachosema: asema nimemlelea mjukuu. Wewe umeleta kalamu. Kalamu yasema nini? Hebu niambie, katika miaka hii miwili nilikufundisha nini?"

Tukajibu, "Mwalimu, umetufundisha mengi."

Akasema, "Mengi ni neno la mtu asiyehesabu."

Tuliona haya. Tulikuwa tumezunguka maduka siku mbili tukitafuta kitu cha kumpa, wala hatukukaa hata saa moja kujiuliza tulichopewa. Tuliporudi nyumbani tulishika karatasi, tukaanza kumwandikia barua, na barua ile ilituchukua wiki nyingi. Mara ya kwanza tuliandika sifa tu: baba yetu, nuru yetu, bahari ya elimu. Tuliposoma tuliona kilemba cha ukoka, tukaichana. Tukaanza tena, tukaandika mambo yaliyotendeka. Tuliandika kwamba kando ya kila neno tulilolitia pasipo ushahidi yeye aliandika kwa penseli nyekundu, "Nani kasema?" Tuliandika kwamba alitusomesha kazi yetu wenyewe kwa sauti, hata masikio yetu yakaona makosa ambayo macho yaliyapita. Tuliandika kwamba siku moja alituambia jambo, na juma la pili akatuita mbele ya wenzetu, akasema, "Nilikosea, mwanafunzi huyu alikuwa sawa." Hilo la mwisho hatukujua kwamba tulikuwa bado tunalo, mpaka tulipoliandika.

Mwaka 1957 mwandishi Albert Camus, mzaliwa wa Algeria, alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Baba yake alikufa vitani mwaka 1914, naye angali mtoto mchanga. Mama yake hakujua kusoma, akafanya kazi ya kusafisha nyumba za watu, na bibi mwenye nyumba alitaka mtoto atolewe shule akafanye kazi. Mwalimu wake wa shule ya msingi, jina lake Louis Germain, alimfundisha bure baada ya saa za masomo ili ashinde mtihani wa kuingia shule ya juu, akazungumza na bibi yule hata akakubali. Baada ya miaka zaidi ya 30, Camus alipoisikia habari ya tuzo, alimwaza mama yake kwanza, kisha mwalimu wake. Tarehe 19 Novemba mwaka ule alimwandikia barua. Ni barua fupi sana. Haina sifa za kupaka mafuta. Yataja mkono ulionyoshwa kwa mtoto maskini, yataja mafundisho na mfano, na yasema kwamba pasipo hayo, hayo mengine yasingalikuwako. Naye alipochapisha hotuba alizozitoa katika kupokea tuzo ile, aliziandikia jina la Louis Germain. Camus alikuwa na fedha ya tuzo mkononi, angaliweza kununua saa nyingi. Na mnamo Januari 1960 alikufa katika ajali ya gari, akiwa na miaka 46. Barua ilikuwa imekwisha kufika.

Kwa hiyo twasema, zawadi ya kwanza na iliyo ya lazima ni neno la kweli, lililoandikwa, litajalo jambo moja au mawili ambayo mwalimu yule aliyatenda wala mwingine hakuyatenda. Neno hili latutofautishia vilemba viwili. Ukoka husifu kwa ujumla, na waweza kuvikwa kichwa cho chote. Kitambaa hukatwa kwa kipimo cha kichwa kimoja. Jaribu kuisoma barua yako ukiweka jina la mwalimu mwingine. Kama yamfaa naye, anza upya.

Kitu cha mkono chaweza kufuatana na barua, wala hatukikatazi. Nakala ya tasnifu iliyojalidiwa vema, yenye maneno ya mkono wako ukurasa wa mbele, hakuna mwalimu aionaye kuwa ndogo, kwa kuwa ni matunda ya shamba lake. Huko Ujerumani wanafunzi na wenzi wa mwalimu mkubwa, afikishapo labda miaka 60 au 65, humwandikia kitabu kizima, kila mmoja akitoa makala yake. Humshukuru kwa kazi ile ile aliyowafundisha. Kahawa ya kwenu, asali ya kwenu, kikapu alichosuka mama, hivi navyo husema vimetoka wapi. Lakini kanga iangaliwe sana. Kanga husema kwa maandishi yake, na kijana wa kiume ampelekeaye mwalimu wa kike kanga asiyoisoma vizuri aweza kujikuta amesema neno asilolikusudia. Na fedha, iwe katika bahasha au kwa simu, twaikataa kabisa. Haina sura ya mtoaji, wala haielezi kitu. Mpokeaji huiona leo, na kesho imekuwa mafuta ya gari.

Limebaki neno la deni lenyewe. Tumesema halilipiki kwa mwalimu. Hata hivyo halipotei. Maji ya mfereji hayarudi juu kwenye chemchemi. Huteremka kwenye shamba lililo chini. Sisi leo twasoma kazi za vijana wengine, na mara nyingi mkono wetu umeandika pembeni, kabla hatujafikiri, "Nani kasema?" Mwalimu wetu hakupungukiwa na kitu kwa kuwa kalamu yetu ilikuwa rahisi. Angalipungukiwa kama maneno yake yangaliishia kwetu.

Basi kijana aliporudi siku ya tatu tulimjibu hivi. Usipeleke kitu sasa. Ngoja alama zitoke, na masahihisho yaishe, na shahada iwe mkononi mwako. Tangu leo anza kuandika barua, kwa maana itakuchukua muda mrefu kuliko udhanivyo. Siku ile nenda mchana, pamoja na mama yako, mlango ukiwa wazi, mkampe barua, na nakala, na kahawa ya shamba lenu. Fedha itakayobaki muulize mama kama yuko mtoto katika ukoo aliyekosa karo au vitabu. Mwalimu wako akisikia kwamba shukrani yake imemfikia mtoto huyo, atajua kwamba ulimsikiliza.

Kijana alikaa kimya, kisha akauliza, "Na mjomba?" Tukamwambia amwambie mjomba kwamba mwalimu anamdai. Hatujui kama mjomba atacheka kama alivyocheka bibi. Tulivyosikia mara ya mwisho, angali anataja saa. Lakini barua imeanzwa, na kijana atuambia kwamba karatasi ya kwanza amekwisha kuichana.

Nanyi, ndugu wasomaji, ambao mmehitimu zamani, mkakumbuka mtu fulani mliposoma habari hizi, wala hamjamwandikia: leteni karatasi.